Papa wa Ndevu na Kenge wa Komodo

Kenge anajulikana na kila mtoto aliyekaa karibu na mto. Anaogelea, anaiba mayai, na akipigwa fimbo anajibu kwa mkia. Lakini kenge huyo ana ndugu mkubwa, mbali sana, katika visiwa vichache vya Indonesia. Ndiye kenge wa Komodo. Urefu wake wafika metri 3, na uzito wake kilo 70 na zaidi. Duniani hakuna mjusi anayempita kwa ukubwa.

Kusini zaidi, katika bahari ya Australia, yuko papa aitwaye wobegongi. Papa ni samaki mkali wa bahari. Huyu naye aweza kufika metri 3, lakini hafanani na papa wengine. Ni bapa kama mkeka uliotandikwa. Ana madoa yenye rangi ya mawe, na kuzunguka kinywa chake vipande vya ngozi vimening'inia kama ndevu za mzee, au kama majani ya baharini. Mchana hulala juu ya mwamba, asitikisike. Samaki wadogo hupita mbele ya pua yake wakidhani ni jiwe. Ghafula kinywa kinafunguka, maji yanaingia kwa nguvu, na samaki pamoja nayo.

Kenge wa Komodo pia ajua kungoja. Hujificha majanini kando ya njia ya wanyama, akitoa ulimi wenye ncha mbili ili kuonja harufu iliyo hewani. Akimwuma mnyama, si meno tu yanayoua. Zamani watu walidhani ni uchafu wa mate yake. Lakini mwaka 2009 wataalamu walionyesha kwamba ana sumu, nayo huzuia damu isigande. Mnyama anakimbia, damu inatoka, nguvu zinakwisha. Kenge anamfuata polepole, hana haraka.

Ni nani wa kuogopwa zaidi? Wobegongi hamfuati mtu. Lakini ole wake anayemkanyaga, au anayemshika mkia kwa mchezo! Hujigeuza na kuuma mkono ule ule, na akiisha kuuma haachi upesi. Kenge wa Komodo ni jambo jingine kabisa. Mwaka 2007 mtoto mmoja aliuawa naye katika kisiwa cha Komodo.

Hata watoto wa kenge huyo huwakimbia wakubwa wao. Wakitoka katika mayai hupanda miti, wakakaa huko miaka yao ya kwanza, wasije wakaliwa. Mtoto wa wobegongi hana mti wa kupanda. Huzaliwa mzima, madoa yake tayari, akalala chini akatulia.