Kupiga Teke Si Kupima

Sisi ni ndugu wawili wa hapa Bunia. Miaka mingi tumeendesha basi ndogo, leo mmoja wetu, kesho mwenzake. Mara kwa mara watu hutuuliza: “Ninyi mliozeeka barabarani, ni mpira gani wa gari ulio mzuri kuliko yote?” Wengine wamesikia habari za mipira iitwayo ya majira yote, nao wanataka kujua kama inafaa kwa njia zetu. Basi, leo tutawajibu. Lakini mtuvumilie, kwa maana jibu letu linaanza dukani na kuishia nyumbani kwa mama mmoja mchuuzi wa samaki.

Mwaka 2015 tulinunua mipira minne ya namna hiyo. Muuzaji aliisifu sana, akasema: “Hii haichagui mvua wala jua.” Tukafurahi, tukalipa. Baadaye ndipo tulipojifunza maana ya jina lake. Katika nchi za Ulaya kuna majira ya baridi kali, theluji huanguka na barabara hushikwa na barafu. Mpira wa majira ya joto, baridi ikishuka chini ya nyuzi 7, huwa mgumu na kuteleza. Mpira wa majira ya baridi umetengenezwa laini ili ushike barabara, lakini kwenye joto huliwa upesi. Mpira wa majira yote umewekwa katikati, ili mwenye gari asibadilishe mipira mara mbili kila mwaka. Mara nyingi ubavuni mwake utaona herufi M na S, maana yake matope na theluji.

Sasa, theluji yetu iko wapi? Ile tunayoijua ni ya mlima Ruwenzori, na huko magari hayapandi. Bunia iko karibu na ikweta, mita 1,275 hivi juu ya bahari. Asubuhi tunavaa koti, lakini baridi ya Ulaya hatuijui. Majira yetu sisi madereva ni mawili tu: matope na vumbi. Mjini na katika njia kavu mipira ile ilitufaa. Lakini katika matope mazito, mifereji yake ilijaa udongo mwekundu, ikawa laini kama kisigino kilicholiwa. Hivyo tukafanya kama madereva wote wafanyavyo: tukapunguza upepo.

Kufanya hivyo si kosa. Mpira wenye upepo kidogo hutandaza mguu wake, nao hauzami upesi. Kosa ni kusahau kuurudisha upepo. Siku moja tulikwenda njia ya Komanda kuchukua mbao. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Tulishusha upepo mpaka bari 1.5, tukavuka. Tulipofika penye njia ngumu tulijaza kwa bomba la mkono, tukipokezana mpaka mikono ikauma. Ulipofika kama bari 2, tukaambiana: “Yatosha, tutamaliza mjini.” Tulifika Bunia usiku, na kwado wote walikuwa wamekwisha kufunga.

Asubuhi abiria walikuwa wakitungoja, mama wachuuzi na mabeseni yao, wakienda Kasenyi kununua samaki. Kibao kilichobandikwa karibu na mlango wa dereva kilisema kwamba mipira ya nyuma, gari likijaa, yataka karibu bari 3. Tulilijua jambo hilo. Lakini tulikuwa na haraka. Tukaupiga mpira mmoja teke, tukaupiga wa pili, ukalia kama kawaida. Tukaondoka.

Anayeijua njia ile anajua kwamba baada ya Bogoro barabara inashuka kwenda ziwani. Ziwa Albert liko chini ya Bunia kwa mita zaidi ya 600. Gari lilijaa watu, jua lilikuwa limepanda. Katikati ya mteremko mpira wa nyuma ukapasuka. Gari likayumba, likakwaruza ukuta wa mlima, likasimama. Lingeyumba upande wa pili, leo habari hizi zingeandikwa na watu wengine. Hakuna aliyekufa. Lakini mama mmoja alivunjika mkono.

Kwa nini ulipasuka? Wengi husema: “Mpira ulikuwa mbaya.” Sivyo. Mpira ni mfuko tu, na upepo uliomo ndani ndio unaobeba mzigo. Upepo ukipungua, ubavu wa mpira hujikunja na kujikunjua kila gurudumu linapozunguka. Chukua kipande cha waya, ukikunje na kukikunjua upesi mara nyingi, kisha ukiguse: kina moto. Ndivyo ulivyo mpira uliolegea. Moto huo huachanisha mpira na nyuzi zilizo ndani yake, na mwisho wake ni kupasuka. Abiria wengi na mwendo mrefu huongeza moto huo. Na jicho haliuoni upungufu. Mpira uliopoteza hata theluthi ya upepo wake waweza kuonekana mzima, nao ukipigwa teke hulia vilevile.

Tulipokuwa tukingoja msaada, mzee mmoja kati ya abiria aliokota kipande cha mpira uliochanika, akakigeuza mkononi. Akasema: “Wanangu, babu zangu waliniambia kwamba kwa ajili ya kitu hiki watu walikufa.” Alisema kweli. Mwishoni mwa miaka ya 1880, huko Belfast, mganga wa wanyama jina lake John Boyd Dunlop alimtengenezea mwanawe baiskeli ya magurudumu matatu yenye mipira ya upepo. Baada ya hapo baiskeli na motokaa zikaifanya dunia itake mpira mwingi. Katika Kongo ya mfalme Leopold wa Pili, kati ya 1885 na 1908, watu walilazimishwa kuingia msituni kugema utomvu wa mimea itambaayo. Wake zao walifungwa mpaka kilo zitimie, na wengi walikatwa mikono. Nasi, wajukuu wa watu hao, tulikuwa tumeuharibu mpira, tena mkono wa mama wa watu, kwa kukataa kungoja nusu saa kwa kwado. Tulinyamaza.

Mama yule alipelekwa hospitali. Gharama tulilipa sisi. Jumapili tulikwenda nyumbani kwake kuomba radhi. Tulikuwa tumejitayarisha kusikia maneno makali, lakini hakutugombeza. Alisema hivi tu: “Wanangu, asubuhi ile niliwaona mkiupiga mpira teke. Nami nikasema moyoni: sawa, wameupima, madereva wanajua.”

Maneno hayo yalituuma kuliko matusi. Abiria hana kipimo. Anapanda kwa sababu anatuamini. Teke letu lilikuwa uwongo, ijapokuwa hatukufungua kinywa.

Tangu hapo tulinunua kipimo chetu wenyewe, nasi twawaambia tuliyojifunza. Pima asubuhi, mpira ukiwa baridi, kabla ya safari. Joto la mpira likiongezeka nyuzi 10, kipimo hupanda karibu bari 0.1, kwa hiyo anayepima njiani hudanganyika, tena akipunguza upepo wakati huo ataamka na mpira mlegevu. Fuata kibao cha gari, si mazoea ya jirani. Mpira ukiliwa pembeni pande zote mbili, upepo ulikuwa mdogo. Ukiliwa katikati, ulikuwa mwingi. Hata pasipo tundu mpira hupoteza upepo kidogo kidogo kila mwezi. Na anayenunua mipira iliyokwisha kutumika asome tarakimu 4 zilizo ubavuni mwisho wa herufi DOT: 2316 maana yake juma la 23 la mwaka 2016. Mpira uliopita miaka 10 usiununue, hata uking’aa.

Na ile mipira ya majira yote? Mitatu iliyobaki ilitutumikia karibu miaka miwili, kwa maana tuliitunza. Kwa anayeendesha mjini inafaa. Kwa njia ya matope na mawe, tafuta mpira wenye meno makubwa na ubavu mnene. Lakini hata ule ulio bora, wa bei ya ng’ombe, ukinyimwa upepo utakuangusha.

Mama yule alipona, akarudi kwenye biashara yake. Kila alipopanda gari letu, kwanza aliuliza: “Mmepima?” Nasi tulimwonyesha kipimo. Ninyi mnaosafiri, mfanye kama yeye. Ulizeni kabla ya kuketi. Dereva mwema hatakasirika. Na anayekasirika, mwacheni aende, mngoje gari jingine.