Hewani Hakuna Samaki

Mwishoni mwa miaka ya 1970, fimbo za kuvulia walizokuja nazo wageni wa kaskazi pale Malindi zilianza kubadilika rangi. Tulizozizoea zilikuwa za faibaglasi, nene na nzito. Sasa zikaingia nyeusi, nyembamba, za nyuzi za kaboni. Wenyewe walitueleza kwamba kaboni hiyo iliimarishwa Uingereza, katika maabara za ndege za Farnborough, miaka ya 1960, kabla mtu hajafikiria kuvulia samaki. Mimi nilikuwa kijana, nikimsaidia ami yangu katika kibanda chake cha kutengeneza fimbo na rili za mashua zilizokokota chambo kuwatafuta sulisuli.

Msimu mmoja akaja mgeni na fito mbili tupu: hazina mpini, hazina pete, hazina pa kufungia rili. Mmoja wa kaboni, mmoja wa faibaglasi, urefu karibu sawa. Alitaka fimbo moja ya sulisuli, ya mshipi wa ratili 30, na akamwachia ami achague ufito. Mabaharia wakajazana kibandani. Kila mmoja aliushika ule mweusi akautikisa, na mkono uliposimama, nao ukatulia papo hapo. Wa faibaglasi ukabaki ukiyumbayumba. Hukumu ikatoka bila ubishi: mweusi.

Ami hakutikisa chochote. Alisimamisha kila ufito, tako likiwa sakafuni na ncha mkononi, akaukandamiza katikati kwa kiganja huku akiuzungusha polepole. Mahali fulani uliruka wenyewe, ukakaa upande mmoja. Fito hizi hutengenezwa kwa kitambaa cha nyuzi kinachoviringishwa juu ya chuma kisha kuokwa. Pale kitambaa kinapolaliana, ukuta huwa mgumu kuliko kwingine. Akauchora mstari wa chaki, ili baadaye pete zifuate upande huo.

Kisha akaagiza ndoo. Breki ya rili, alisema, hukazwa isipite theluthi ya nguvu ya mshipi. Kwa ratili 30, theluthi ni ratili 10, yaani kilo nne na nusu. Ndoo tupu ilikuwa na nusu kilo, kwa hiyo nikaipimia lita nne za maji. Alibandika pete kwa gundi ya karatasi, akapitisha mshipi, akaukaza ufito kwenye jiliwa ukiwa umeinama kama unavyoshikwa mashuani, akaniambia niiachie ndoo taratibu.

Ule wa kaboni ulipinda karibu na ncha tu. Sehemu yote ya chini ikabaki imenyooka. Wa faibaglasi ulipinda kuanzia nchani hadi chini ya katikati, ukawa upinde mmoja mpana. Hapo ami akakagua jambo jingine: palipo na nafasi kubwa kati ya pete, mshipi ulikuwa unagusa ufito. Akaongeza pete, akasogeza nyingine, mpaka mshipi ukafuata upinde bila kukwaruza popote.

"Ami," nilimuuliza, "mbona hukuutikisa kama wenzako?"

"Hewani hakuna samaki, mwanangu. Sulisuli akiruka na kutupa kichwa, mashua nayo inakwenda, ufito ndio unaopaswa kumlegezea. Ukikataa kupinda, ndoana itapanua tundu mdomoni, na samaki ameondoka."

Mgeni alisikia, lakini roho yake ilikuwa kwenye ule mweusi. Akapendekeza aukate nchani kidogo, labda ungekuwa na nguvu zaidi. Ami akakataa: ncha ndiyo sehemu laini, ukiiondoa unaongeza ugumu uleule uliokuwa kosa. Wakakubaliana hivi: wa faibaglasi uundwe kwa sulisuli, na wa kaboni uundwe fimbo ya kurusha chambo bandia kwa kolekole kwenye miamba. Huko mkono hurusha asubuhi nzima, na wepesi una thamani kuliko kulegea. Alimuonya tu asiugongeshe kwenye vyuma vya mashua, kwa kuwa kaboni ikipata ufa mdogo huvunjika ghafla siku nyingine, mzigo ukiwa wa kawaida.

Tangu hapo kaboni imeboreka sana, na kuna fito zinazochanganya nyuzi zote mbili. Kibanda sasa ni changu. Wateja huja na picha kwenye simu, wanataja kampuni na bei. Mimi nawauliza mshipi wa ratili ngapi, samaki gani, na kama watavua kwenye mashua inayotembea au wamesimama miambani. Asiye na majibu hayo simuuzii ufito. Namwazima fimbo, akavue kwanza, ndipo arudi tuzungumze.