Homa Yenye Jina la Kiitaliano

Mwaka 1984, nikiwa mwanachuo katika ziara ya masomo mjini Roma, nilishikwa na homa kali. Daktari kijana alidhani ni mafua. Nikamwambia, "Ni malaria." Akashangaa; hakuwahi kumwona mgonjwa wake. Muuguzi mmoja mtu mzima, aliyemezeshwa kwinini utotoni, ndiye aliyesisitiza damu ipimwe. Nikapona.

Ndugu msomaji, neno lenyewe "malaria" ni la Kiitaliano: hewa mbaya. Italia ilitangazwa kuwa imeutokomeza ugonjwa huo mwaka 1970, baada ya kukausha vinamasi, kugawa kwinini na kupuliza DDT majumbani.

Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, niliwaambia wanachuo wangu: malaria si majaaliwa ya Mwafrika. Lipo taifa lililoisahau hata daktari wake asiitambue.