Damu Tuliyoipeleka Lubumbashi

Nilianza kutibu ng'ombe Kamina mwaka 1981, nikiwa kijana mwenye cheti cha msaidizi wa daktari wa mifugo. Nchi bado iliitwa Zaire na mkoa wetu wa Katanga uliitwa Shaba. Mgeni akisikia Kamina hufikiria kambi kubwa ya jeshi iliyojengwa na Wabelgiji, au reli, kwa kuwa hapa ndipo njia ya Ilebo na ile ya Kabalo zinapoachana. Ng'ombe hawamjii akilini. Hata sisi Waluba tulikuwa watu wa mihogo, mahindi, mbuzi, kuku, na samaki wa maziwa ya Upemba. Ng'ombe waliletwa na makampuni ya Wazungu kama Pastorale du Haut-Lomami, kisha misheni na wenyeji wachache wenye uwezo nao wakaanza kufuga.

Babu zetu hawakufuga ng'ombe kwa sababu ya mbung'o. Nzi huyo akimuuma mnyama humwachia kimelea cha damu, na ugonjwa unaotokea ni nagana. Aina ya kimelea inayowasumbua ng'ombe kuliko zote inaitwa Trypanosoma congolense. Daktari Mbelgiji Alphonse Broden ndiye aliyeieleza, Léopoldville, mwaka 1904. Jina la nchi yetu limo katika kila kitabu cha magonjwa ya mifugo duniani kwa sababu ya kimelea hicho, na hadi leo hakuna chanjo yake.

Nagana haiui kwa kishindo. Ng'ombe anaendelea kula lakini anakonda. Manyoya yanasimama, tezi ya mbele ya bega inavimba, na ukimfunua kope unakuta nyama ya ndani imekuwa nyeupe kwa kukosa damu. Jike anatupa mimba, maziwa yanakauka. Mwenye ng'ombe anadhani ni njaa ya kiangazi, na mvua zikirudi mnyama amelala chini na hainuki tena.

Dawa yetu ilikuwa Berenil, unga wa manjano uliotoka Ujerumani. Pakiti ndogo ya gramu 2.36 unaichanganya na mililita 12.5 za maji safi, nayo inamtosha ng'ombe wa kilo 300, sindano ndani kabisa ya nyama. Niliwafundisha hivyo wachungaji wengi. Lakini nilipowatembelea nilikuta pakiti moja imegawanywa kwa ng'ombe watatu, kwa sababu mfugaji hakuwa na pesa ya pakiti tatu. Dozi ndogo haiui vimelea vyote. Inabakiza vile vigumu, navyo huzaana. Jambo hili lilinikosesha raha zaidi ya vifo vyenyewe: umaskini wa mfugaji mmoja ulikuwa unaiharibu dawa ya wilaya nzima.

Mwaka 1986 walikuja watafiti kutoka Lubumbashi. Fedha zao zilitoka ng'ambo, kwa mkataba wa miaka michache. Nilipewa kazi ya kuwasaidia, na sijawahi kufurahia kazi kama ile. Asubuhi mapema, kabla ng'ombe hawajatolewa zizini, tulitoboa mshipa mdogo wa sikio na kuvuta damu kwa mirija ya kioo myembamba kama unyasi. Upande mmoja wa mrija tuliuziba, tukaupanga ndani ya mashine iliyoendeshwa na jenereta, ikazunguka kwa dakika tano. Damu ilitoka imejitenga: chembe nyekundu chini, maji ya manjano juu, na katikati utando mweupe mwembamba sana. Tulipima kwanza urefu wa ile sehemu nyekundu. Ng'ombe mzima hupata asilimia 30 na zaidi, na akishuka chini ya 25 una jambo la kufuatilia. Kisha tuliukata mrija kwenye ule utando na kuuweka chini ya hadubini. Congolense hujishikiza kwenye chembe nyekundu na kutikisika palepale. Ndugu yake vivax hupita mbio hadi nje ya duara la kioo kabla hujamaliza kumwonyesha mwenzako.

Fundi aliyenifundisha kusoma mirija hiyo alikuwa mzaliwa wa Kamina, wazazi wake watu wa Kasai waliokuja kufanya kazi ya reli. Alikuwa na jicho ambalo sijaliona tena kwa mtu mwingine. Aliandika kila namba katika daftari kubwa la mistari: shamba, namba ya sikio, tarehe, asilimia ya damu, kimelea au hakuna. Maji ya juu ya damu, yaliyohitaji vipimo ambavyo sisi hatukuwa navyo, yaliwekwa katika sanduku la barafu na kupandishwa treni, karibu kilomita 600 hadi Lubumbashi. Treni ikichelewa, na ilichelewa mara nyingi, tulitafuta barafu njiani kwa kubembeleza.

Mama mmoja mwenye ng'ombe wanne wa kukopeshwa na misheni alizoea kunisimamisha sokoni. "Munganga, ile damu mulibebaka, ilifikaka fasi gani?" Nami nilimjibu: "Mama, ilienda Lubumbashi. Majibu itarudia." Niliamini hivyo kabisa.

Mei 1990 wanafunzi walishambuliwa usiku katika kampasi ya Lubumbashi, na Ubelgiji ikasimamisha ushirikiano wake na serikali ya Mobutu. Sibishani na sababu. Damu ya vijana wale ilistahili kuliliwa. Nasema tu kilichotokea kwetu. Wataalamu wa kigeni waliondoka nchini, mafuta ya jenereta yakakosa mlipaji, barua zetu hazikujibiwa. Mwaka 1991 ukaja uporaji, miji ikabaki na kuta. Kisha 1992 na 1993 watu wa Kasai walifukuzwa Katanga, mamia ya maelfu, na treni zilizowabeba zilipita Kamina zimejaa watu hadi juu ya mabehewa. Fundi wetu alipanda mojawapo pamoja na mkewe na watoto, akirudishwa "kwao", mahali ambapo hakuwahi kuishi. Daftari aliniachia mimi. Majibu ya Lubumbashi hayakurudi, na yule mama nilianza kumkwepa kwa aibu ya ahadi ambayo sikuwa na uwezo wa kuitimiza.

Baadaye nilijua kwamba tulikuwa sehemu ndogo ya kazi kubwa. Kabete, karibu na Nairobi, ilianzishwa mwaka 1973 taasisi ya kimataifa iliyoitwa ILRAD, ikapewa magonjwa mawili tu: nagana na ndigana kali. Wanasayansi wake walitegemea kupata chanjo ya nagana. Walichokuta ni kimelea kinachobadilisha koti lake la nje kila mwili wa ng'ombe unapojifunza kukitambua, kikabadilisha tena na tena. Hamu ya wafadhili ilipungua pamoja na matumaini ya chanjo, na mwaka 1994 taasisi hiyo iliunganishwa na ile ya Addis Ababa, ikazaliwa ILRI.

Lakini jibu lingine lilikuwa linapatikana, tena hapa nchini kwetu. Miaka ya 1980 watafiti wa taasisi hizo mbili walifuatilia ng'ombe wa aina ya N'Dama katika nchi kadhaa, na vituo viwili vilikuwa Zaire: Idiofa na ranchi ya Mushie, huko Bandundu. N'Dama asili yake ni Guinea, na wakoloni ndio waliomleta Congo. Watafiti waliona kwamba N'Dama akiambukizwa anaweza kuilinda damu yake isishuke, na anayeilinda vizuri ndiye anayekua na kuzaa vizuri. Kipimo chao kilikuwa mrija uleule mwembamba tuliozungusha sisi Kamina. Niliposoma hayo nilifungua daftari la fundi na kukaa nalo usiku kucha. Na sisi tulikuwa na ng'ombe wachache ambao namba zao hazikushuka hata walipokuwa na vimelea. Hakuna aliyewahi kuja kuuliza ni akina nani.

Wapo wanaoniambia kwamba utafiti wa mifugo ni anasa kwa nchi isiyo na barabara. Huwajibu kwa habari ya sotoka ya ng'ombe. Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo yake Muguga, Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1950. Kampeni iliyoitwa JP15 ilichanja ng'ombe katika nchi 22 za Afrika kuanzia 1962 hadi 1976. Ugonjwa ukapungua hadi karibu kutoonekana, fedha zikaisha, watu wakaenda nyumbani. Miaka ya 1980 ilipoanza sotoka ilirudi na kuua ng'ombe kutoka Sudan hadi Nigeria. Ikabidi kuanza upya mwaka 1986, safari hii bila kuacha uchunguzi baada ya chanjo, na mwaka 2011 dunia ilitangaziwa kwamba sotoka imekwisha. Gharama ya kusimama katikati ililipwa na wafugaji.

Kwa nagana hali ni nyingine. Berenil iliingia sokoni mwaka 1955. Dawa nyingine tunazotumia zilitoka miaka hiyohiyo, au michache baadaye. Kampuni ya dawa haiwezi kurudisha gharama zake kwa mteja anayegawanya pakiti moja mara tatu, na siilaumu kwa hesabu hiyo. Ndiyo maana fedha za umma lazima ziingie. Nashukuru kwamba serikali ya Uingereza na mfuko wa Gates waliipa taasisi ya GALVmed fedha za kutafuta dawa mpya. Ninachotaka kuona ni mstari katika bajeti ya Kinshasa, hata mdogo, usiotegemea uhusiano wetu na mji mkuu fulani wa Ulaya mwaka huo. Tungekuwa na mishahara ya mafundi wawili na mafuta ya jenereta kwa miaka kumi na mitano mfululizo, Kamina ingekuwa na majibu yake.

Sasa mbuzi wetu wanakufa kwa sotoka yao wenyewe. Chanjo yake ni nzuri, na mwaka 2015 dunia iliahidi kuimaliza kabla ya 2030. Mwaka jana msichana anayesomea udaktari wa mifugo Lubumbashi alikuja nyumbani kuniuliza habari za magonjwa ya zamani. Nauli ya treni alilipa mwenyewe, kwa fedha za mjomba wake, na mirija aliikopa kwa rafiki. Nilimpa daftari la fundi ili alinakili lote. Nikamwandikia majina ya mashamba ambayo bado yana ng'ombe wa ukoo wa wale wasioshuka damu, matatu upande wa reli ya Kabalo na moja upande wa Kaniama, na nikamwambia aanze na lile la Kaniama, kwa sababu mwenyewe ni mzee kuliko mimi na ndiye anayejua mama wa kila ndama.