Kisima Kwanza, Nyumba Baadaye

Kabla ya adhana ya alfajiri, mama muuza mahamri katika mtaa mmoja wa Mtwapa huwa ameshaamka. Jambo la kwanza analolitazama si unga wala mafuta, bali ni mitungi ya maji. Ikiwa bomba halikutoa maji usiku, hana budi kumngoja mchuuzi wa mkokoteni na kulipa bei atakayotajiwa. Kisima kipo uani, ila maji yake yana chumvi. Yanafaa kufulia, hayafai kukandia unga. Hatua chache kutoka kisimani pamechimbwa choo cha shimo, na nyuma ya ua linainuka jengo jipya la ghorofa. Mji umemfikia mama huyu mlangoni, lakini maji bado hayajamfikia.

Hali yake ni ya wengi katika pwani ya Kilifi na Malindi. Mtwapa hupokea wafanyakazi wa Mombasa wanaotafuta nyumba za kupanga. Malindi na Watamu imekuzwa na utalii. Mji wa Kilifi nao ulifunguka zaidi baada ya daraja lake kuanza kutumika mwaka 1991 na kuchukua nafasi ya kivuko. Sensa ya mwaka 2009 iliwahesabu watu 1,109,735 katika eneo lote la Kilifi. Ile ya mwaka 2019 ilipata 1,453,787. Yaani, kwa muda wa miaka kumi, waliongezeka zaidi ya watu 340,000. Kila mmoja wao anahitaji maji, choo na mahali pa kulaza ubavu.

Waama, pwani hii haikuanza jana kujenga miji. Karibu na Watamu yapo magofu ya Gede, mji wa Waswahili uliostawi katika karne ya 15 na kuhamwa katika karne ya 17. Wataalamu walioufukua, akiwemo James Kirkman aliyeanza kazi hiyo mwaka 1948, walikuta misikiti, makaburi, kuta, vyoo na visima vingi. Waliojenga Gede walijua kwamba nyumba haikamiliki bila kisima. Sababu za kuhamwa kwake zinajadiliwa hadi leo: wapo wanaotaja vita, na wapo wanaotaja kushuka kwa maji ya visima. Mwaka 2024, Gede iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Ni fahari kubwa, lakini fahari isiyosikilizwa hugeuka pambo tu.

Miji ya leo imeyafuata maji mbali zaidi. Malindi, Watamu, Kilifi, Mtwapa na hata sehemu za Mombasa hutegemea maji yanayovutwa kutoka Baricho, kando ya mto Sabaki. Kila jengo linaloongezwa njiani hunywa katika bomba lile lile. Bomba linapokauka, watu hurudi visimani. Hapo ndipo maumbile ya pwani yanapodai haki yake: mwamba wa matumbawe una vitundu vingi, hivyo uchafu wa choo hupenya kwa wepesi hadi kisimani, na maji matamu yakivutwa kupita kiasi, ya bahari huingia mahali pake.

Aidha, liko suala la ardhi. Mwaka 1895 Uingereza ilikubaliana na Sultani wa Zanzibar kuutawala ukanda wa maili kumi wa pwani. Sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 ikawataka wenye madai ya ardhi wayaandikishe. Wamijikenda wengi hawakuandikishwa, na vizazi vyao vikaitwa maskwota juu ya ardhi waliyoilima. Asiye na hati huogopa kuchimba choo imara au kuwekeza katika tangi kubwa, kwa kuwa hajui kama kesho atabomolewa. Kwa hiyo, uchafu wa mji haupaswi kuhesabiwa kuwa uzembe wa maskini pekee. Aghalabu ni tunda la hofu.

Sheria ya Miji na Majiji ya mwaka 2011 inataka kila mji uwe na mpango wa maendeleo na wakazi washirikishwe. Marekebisho ya mwaka 2019 yalishusha idadi ya watu inayohitajika ili mji uwe manispaa, kutoka 250,000 hadi 50,000. Hatua hiyo ni njema. Hata hivyo, mipango hiyo kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza, ilhali Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pia. Mama wa mahamri atashirikishwaje katika waraka asioweza kuusoma? Hapa ndipo wanafunzi na walimu wa Kiswahili wana deni: kuyatafsiri maneno ya wapimaji na wahandisi yawe maneno ya baraza na soko.

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Pwani ya Kilifi kuta zinajengwa kila siku; ufa ulioachwa wazi uko chini, kisimani. Kibali cha ghorofa kisitolewe kabla haijajulikana maji yake yatatoka wapi na uchafu wake utakwenda wapi. Jibu la maswali hayo mawili likipatikana, na likisomwa barazani kwa lugha inayoeleweka, huenda siku moja mama yule akaamka na kutazama unga kwanza.