Nyumba ya Pwani Hutazamwa Mara Mbili

Mtu wa bara apelekwapo kazini pwani huambiwa habari mbili: ya kwamba kuna joto, na ya kwamba kuna upepo. Nami niliambiwa hivyo nilipohamishwa Mombasa miaka tisa iliyopita kuwa karani katika ofisi moja ya serikali, nikadhani nimekwisha kuijua hali ya hewa ya pwani nzima. Sikujua ya kuwa katika mwendo wa kilometa moja tu mtu aweza kutoka penye upepo akaingia mahali ambapo hewa imesimama kama maji ya mtungi. Jambo hilo nilifundishwa nilipotafuta nyumba ya kununua, nami nawaandikia wasomaji, hasa wenye akiba ndogo kama yangu, jinsi nilivyokaribia kuipoteza.

Ilikuwa mwezi wa Januari. Dalali mmoja alitupeleka, mimi na mke wangu, mpaka Kilifi, yapata kilometa 60 kaskazini ya Mombasa. Tulivuka daraja kubwa la mto wa bahari, lile lililofunguliwa mwaka 1991 likawaondolea watu taabu ya feri, tukashika njia ya pwani. Nyumba yenyewe ilisimama juu ya jabali la matumbawe, na bahari chini yake. Kaskazi ilikuwa ikivuma polepole, maji yametulia, ngalawa mbili zinarudi. Kuta zilikuwa nyeupe pe. Dalali akasema kuna watu watatu wengine wanaoitaka, akataka arbuni siku ile ile. Fedha zangu zilikuwa akiba ya miaka saba, pamoja na mkopo wa chama cha akiba ambao ningeulipa kwa miaka minane. Mke wangu alikuwa amekwisha kuchagua chumba cha watoto.

Bahati nzuri ni kwamba hundi niliisahau Mombasa. Nikarudi Jumamosi iliyofuata pamoja na fundi mmoja mwashi, mzee wa Mji wa Kale, ambaye amejenga kuta tangu ujana wake. Nilipomwamkia, "Shikamoo, Fundi," aliitika, "Marahaba, mwanangu," kisha hakuitazama bahari hata kidogo. Alitazama vichaka vilivyoota ukingoni mwa jabali. "Yaone majani haya," akasema. "Yote yamelala upande wa kaskazini kama nywele zilizochanwa. Unadhani nani ameyachana?" Akaenda kwenye madirisha, akagusa bawaba, zikamwachia unga mwekundu mkononi. Akakwangua ukuta chini ya dirisha kwa ukucha. Rangi mpya ikabanduka, na nyuma yake tukaona mstari wa hudhurungi ukifuata nondo kutoka pembe hata pembe.

"Rangi ni ya wiki iliyopita, lakini kutu ni ya miaka mingi," akasema. "Mwanangu, umekuja kuiposa nyumba siku ya sikukuu. Rudi mwezi wa Juni uione siku ya kufua nguo."

Dalali alikasirika sana, nasi tukarudi Mombasa bila kutoa hata senti moja.

Njiani Fundi alinieleza mambo ambayo yafaa kila mnunuzi ayajue. Kaskazi huvuma tangu Desemba hata Machi, na ndiyo miezi ya joto na jua kali. Kusi huanza kushika nguvu pamoja na masika, mwezi wa Aprili au Mei, huvuma hata Septemba, nayo ndiyo yenye nguvu zaidi na yenye kuleta mvua kutoka baharini. Mei ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote. Basi nyumba iliyo wazi upande wa kusini hupata baridi njema, lakini hupata pia mvua ya kupigwa ukutani na chumvi. Chumvi hiyo haingoji kuguswa na maji. Mawimbi yavunjikapo juu ya mwamba hutoa rasharasha nyembamba isiyoonekana kwa macho, na upepo huichukua mpaka kwenye mabati, misumari na nondo. Saruji iliyochanganywa na mchanga wa bahari usiooshwa huwa na adui huyo ndani yake tangu siku ya kwanza: chuma hushika kutu, kutu huvimba, ukuta hupasuka. Nyumba za kale za mawe na chokaa, kama zile za Lamu, hazina nondo. Dari zao zimeshikwa na boriti za mikoko, na ndiyo sababu vyumba vyake ni vyembamba, kwani boriti haizidi mita 3 au karibu na hapo. Unene wa kuta huzuia joto, na vichochoro huwa kivuli mchana kutwa. Wazee wale hawakuwa na kipimajoto, lakini walijua kazi yao.

Kuhusu jua, nilistaajabu kusikia kwamba pwani yetu, kwa kuwa i karibu na ikweta, haichomwi sana upande wa kaskazini wala wa kusini. Jua la saa sita huwa karibu utosini. Kuta zinazoungua ni za mashariki asubuhi na za magharibi alasiri. Kwa hiyo nyumba nzuri huwa na pande zake ndefu kaskazini na kusini, na bahati njema ni kwamba hizo ndizo pande za pepo zetu mbili.

Tangu siku ile nikawa mtu wa kusafiri kila nilipopata likizo. Nilipanda Kwale, ambako milima ya Shimba hufika zaidi ya mita 400. Kwa kila mita 100 upandazo joto hupungua zaidi ya nusu ya digrii, na asubuhi nilikuta ukungu, nikajuta kwa kuacha sweta. Ni mahali pema kwa mkulima, ila mimi kazi yangu i Mombasa na nauli ya kila siku ingenila. Kwenda ndani zaidi mvua hupungua upesi: Mombasa hupata kama milimita 1,000 kwa mwaka, na Voi, kilometa 150 hivi kutoka pwani, hupata karibu na nusu yake.

Malindi ndiko kulikonishangaza zaidi. Upande wa nguzo ya Vasco da Gama bahari inaula mwamba wa matumbawe kutoka chini. Ukienda upande wa ghuba, mto Sabaki umeleta udongo mwekundu kutoka bara, ufuo ukapanuka, na maji yamerudi nyuma. Mbele zaidi, njia ya Mambrui, kuna vilima vya mchanga ambavyo upepo huvihamisha, na mama mmoja aliniambia kwamba wakati wa kusi hufagia mchanga sebuleni mara tatu kwa siku. Yote haya ni mji mmoja na viunga vyake, na bei za madalali zilikuwa karibu sawa.

Mwezi wa Machi, ukame ulipofika mwisho, nilirudi Kilifi kuonja maji ya visima. Fundi alikuwa ameniambia kwamba karibu na bahari maji matamu huelea juu ya maji ya chumvi, na yakivutwa kupita kiasi ya chini hupanda. Kisima cha nyumba ile ya jabalini kilikuwa chumvi tupu. Hatua mia chache nyuma yake kulikuwa na nyumba ya pili, ya bei nafuu, iliyo bondeni. Maji yake yalikuwa matamu, lakini hewa haikutikisika, na udongo wake ulikuwa mweusi wa mfinyanzi wenye nyufa za kuingiza kidole. Jirani alinionyesha alama ukutani, juu kidogo ya goti, mahali maji yalipofika katika mvua kubwa za Novemba 2023. Akaongeza kwamba mbu hawana likizo pale.

Juni ilipofika nikatimiza ahadi. Mlango wa nyumba ya jabalini ulikuwa umevimba, hata mlinzi akausukuma kwa bega. Maji yalikuwa yamejaa ya bamvua, na kila wimbi lilipopiga jabali tulisikia kishindo sakafuni, kisha kioo cha dirisha kikaingia ukungu wa chumvi. Madirisha yote ya baharini yalikuwa yamefungwa. Chumba kile alichokichagua mke wangu kilikuwa na kuvu tangu dari hata kitandani. Mtoto wetu wa pili ana pumu. Mke wangu alisimama mlangoni kitambo, kisha akasema, "Baba Juma, twende zetu."

Nyumba tuliyoinunua mwezi wa Agosti iko kama kilometa moja kutoka baharini, juu ya mwinuko wa mchanga mwekundu, na bahari huionei ila ukipanda darini. Kusi huingia mlango mmoja na kutokea mwingine. Kisima chake nilikionja mara mbili. Ila mwenye kuijenga aliielekeza kombo, na ukuta wa jikoni hulichukua jua lote la alasiri, hata mwezi wa Februari mke wangu hupikia uani. Nimepanda miarobaini mitatu upande huo. Mmoja uliliwa na mbuzi wa jirani, na miwili iliyobaki imenifika kifuani.