Meza Isiyo na Pombe na Haki ya Mhudumu



Mwezi wa Mfungo Mosi uliopita kamati ya msikiti wetu hapa Mtwara ilipokea wageni saba, walimu wa madrasa kutoka Dar es Salaam. Mimi, kwa kuwa ni katibu, nilikabidhiwa kazi ya kuwatembeza kwa siku mbili. Nilidhani wajibu wangu ni kuwaonyesha wageni pwani yetu. Sikujua kwamba mwenyeji ndiye atakayefunzwa adabu, na kwamba mwalimu wake atakuwa kijana mbeba sinia.

Siku ya kwanza tulianzia Mikindani, mji mkongwe ulio kama kilomita 10 kutoka Mtwara mjini. Tulipita katika vichochoro vya nyumba za mawe ya matumbawe na milango ya nakshi, tukapanda hadi kwenye boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895, tukaitazama ghuba ambamo majahazi yaliingia kwa karne nyingi. Ni kutokea hapo Mikindani, mwaka 1866, ndipo David Livingstone alipoianza safari yake ya mwisho barani. Mji huu umezoea wageni tangu zamani.

Adhuhuri ilitukuta tumerejea mjini na njaa imetushika. Wageni walitamani kula samaki huku wakiiona bahari, nikawapeleka katika hoteli moja ya ufukweni. Kama zilivyo hoteli nyingi za aina hiyo, pombe inauzwa pale. Sote twalijua katazo lililopokewa la kukaa kwenye meza inayozungushwa pombe, kwa hiyo nikamwomba mhudumu atutafutie mahali pa peke yetu. Kijana yule alituhamishia chini ya mwembe, mbali na wanywaji. Tukamwomba glasi zisizonywewa bia, akazileta mpya. Tukamwomba wavu wa kuchomea samaki usuguliwe kwanza, akausugua mwenyewe. Tukauliza kibla kilipo. Akatuonyesha, akatuletea maji ya udhu na mkeka, akavilinda viatu vyetu mpaka tulipotoa salamu.

Bili ilikuja: sahani nane za samaki kwa shilingi 11,000 kila moja, pamoja na soda na maji, jumla shilingi 96,500. Nikatoa 100,000. Kijana akarudisha chenji 3,500, nami, nikiona fahari kwa uangalifu wangu wa fedha za waumini, nikaihesabu, nikaitia mfukoni. Tukamshukuru, tukamwombea dua, tukaondoka.

Usiku baada ya Isha nilimwona kijana yule katika safu za msikiti wetu. Kumbe ni jirani! Nikamfuata, nikamuuliza habari za kazi.

“Alhamdulillah, Ustadhi,” akajibu. “Meza yenu niliiomba mwenyewe. Wenzangu huzikwepa meza za namna ile.”

“Kwa nini, mdogo wangu?”

Akasita, akatazama chini. “Usinielewe vibaya, Ustadhi. Wao huziita meza za chenji kamili. Meza ya bia hukaa mpaka usiku, na wakiondoka hawakosi kuacha elfu tano. Mimi nilimwomba meneja nisipangiwe kubeba pombe, akanikubalia. Basi nimebaki na meza za soda.”

Hakulalamika zaidi ya hapo. Aliaga akaenda zake, akaniacha na shilingi zangu 3,500, ambazo ghafla zilikuwa nzito.

Ndugu msomaji, tafakari jambo hili. Katika hadithi inayowataja watu kumi waliolaaniwa kwa sababu ya pombe, yumo pia mwenye kuibeba. Kijana huyu aliisikia, akaifanyia kazi, akakubali kipato chake kipungue. Sisi tunaosimama kuhimiza tabia hiyo tulipopata nafasi ya kukaa kwenye meza yake, tulimwongezea kazi mara dufu ya wanywaji, kisha tukamlipa kwa “jazakallah” peke yake. Dua ni neema kubwa, lakini mwenye bodaboda wa saa nne za usiku hapokei dua kuwa nauli.

Nilirejea vitabuni. Mshahara wa mhudumu ni dhima ya mwajiri wake, na ndiye anayehusika kwanza na agizo la Mtume (s.a.w.) la kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Nchini kwetu serikali hutangaza kima cha chini cha mshahara kwa kila sekta, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Bakshishi, au “tipu” kama vijana wanavyoiita, haiondoi wajibu huo wa mwajiri. Marekani, kwa mfano, sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu dola 2.13 tu kwa saa, kiwango ambacho hakijabadilika tangu mwaka 1991, kwa hesabu kwamba bakshishi za wateja zitajaza pengo. Huko ni kumtwisha mteja mzigo wa tajiri, wala si mfano wa kuigwa. Kwetu bakshishi ni ihsani, na asiyekuwa nayo hana lawama.

Lakini ihsani nayo ina mahali pake. Sura ya Al-Mutaffifin inawaonya wanaojipimia kamili na kuwapunjia wenzao. Aya hizo zashuka juu ya vipimo vya biashara, lakini sikuweza kuzisoma usiku ule bila kuukumbuka wavu uliosuguliwa, mkeka uliotandikwa na viatu vilivyolindwa. Hayo hayakuwamo katika bei ya samaki. Wala asidanganyike mtu na kodi ya ongezeko la thamani, ile asilimia 18 inayoonekana kwenye risiti. Hiyo huenda serikalini, haimfikii mbeba sinia.

Wapo watakaouliza: je, huu si mlango wa rushwa? Swali ni la haki. Mtume (s.a.w.) alimkemea Ibn al-Lutbiyya, mkusanyaji zaka aliyerudi akidai kwamba sehemu ya mali aliyoileta ni zawadi yake. Na hapa nchini, mwaka 2006 Mahakama Kuu ilivibatilisha vifungu vya sheria vilivyoruhusu takrima katika uchaguzi. Mipaka basi iko wazi. Mwenye mamlaka juu ya haki za watu hapewi kitu. Mhudumu wa mezani hupewa baada ya kazi, hadharani, bila kumnyang’anya mwingine zamu wala haki yake.

Siku ya pili tulielekea kusini, kwenye Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Njia hupita katika mikorosho, inapita Madimba penye mitambo ya kusafisha gesi, kisha mchanga, minazi, na bahari ya Msimbati. Mbele zaidi Ruvuma unamwaga maji yake, na ng’ambo ni Msumbiji. Ada ya hifadhi tulilipa kwa risiti, wala hatukuongeza senti; pale si mahali pa bakshishi.

Kijijini tulipikiwa pweza na wali wa nazi na mama mmoja, mtu mzima, kwenye kibanda chake cha makuti. Nikiwa bado na jeraha la jana, nikamzidishia fedha. Akazirudisha.

“Mwanangu, bei niliyokutajia ndiyo bei yangu. Kibanda changu, jiko langu. Mgeni hatozwi mara mbili.”

Nikaona haya tena. Mama yule hana tajiri juu yake. Faida yote ni yake, na kumlazimisha ni kumshusha. Tukanunua korosho zake za kukaanga, pakiti nane, naye akatushukuru kwa furaha. Ukarimu una njia nyingi, na inapasa kuitafuta ile isiyomdhalilisha anayepokea.

Jioni tulirudi kwa kijana wetu kunywa chai. Tulipomaliza nilimpa elfu kumi mkononi, nikamwambia wazi kuwa nusu ni deni la jana. Akasema, “Allah awazidishie,” akaenda kufuta meza.

Ndugu zangu, tukiweza, tuanze na migahawa isiyouza pombe kabisa. Hiyo haina faida ya bia ya kuibeba. Inaishi kwa chakula na huduma tu, na mhudumu wake mzuri akikosa kipato atahamia kule kunakolipa. Pale tunapolazimika kukaa kwingine, tuombe mahali petu kwa upole, tusikalie meza saa tatu kwa soda moja, na tumkumbuke anayetuhudumia kwa kadiri ya uwezo wetu. Baba afanye hivyo mbele ya watoto wake, nao wataiga.

Kikao cha kamati kilichofuata niliwasilisha taarifa ya ziara, nikakiri kosa langu. Wajumbe walijadili kwa muda, mzee mmoja akihofia tusije tukaigeuza ihsani kuwa faradhi. Tukaafikiana kwamba katika kila bajeti ya safari ya msikiti kutakuwa na kifungu kidogo: wahudumu.

Wabillahi tawfiq.